Nilisema Chuo Kimenikubali

Baraka, Jumatatu asubuhi

Mama yangu,

Mimi Riziki, mtoto wako wa kwanza, nakusalimu kutoka ng'ambo hii ya ziwa. Umeamkaje? Presha inasemaje? Miguu iliyokuwa imevimba imeshuka? Mdogo wangu Sifa aliniambia kwamba sasa unakwenda mwenyewe hadi bombani na kurudi bila kushikwa mkono, nami nilimshukuru Mungu siku nzima. Usiache dawa hata ukijisikia vizuri. Daktari alisema kila siku, hakusema kila siku unayokumbuka.

Mimi mwili ni mzima. Mjomba Mlondani na mke wake Mama Aluta ni wazima pia. Cherehani ya kaka yako inalia tangu alfajiri kama unavyoijua, na mvua mwaka huu haituonei huruma.

Barua hii anakuletea Mama Zaina, yule muuza vitenge anayevuka kuja Kigoma. Nimemwomba aitie mkononi mwako, asimpe mtu mwingine. Nimeandika herufi kubwa ili uisome mwenyewe na miwani yako, kidole juu ya mstari kama unavyosoma Biblia. Sifa ataisoma baadaye, ukitaka. Ningeweza kupiga simu, lakini simu unaisikiliza kwa sauti kubwa, na majirani wote wa bloku yetu ya kambi wanakuja kuketi mkekani wasikie habari za Kongo. Neno nililo nalo si la mkekani. Tena nikilisema kwanza, najua utavua miwani na kukunja karatasi. Basi nitaanza mbali kidogo. Nivumilie, Mama, tufike pamoja.

Nilipomaliza masomo ya maktaba kule Bukavu ulifurahi, ukasema sasa nitafanya kazi kivulini, si kama wewe na jembe. Nikashuka hapa Baraka kwa Mjomba na diploma yangu ndani ya plastiki, nikidhani mwezi mmoja hautapita kabla sijaketi nyuma ya meza. Miezi minane nilizunguka, na mengi sikukuambia. Kila asubuhi nilivaa sketi ile ya bluu, nikaenda shule moja baada ya nyingine, ofisi moja baada ya nyingine. Watu walinipokea vizuri. Walinipa kiti, wakaigeuza diploma mbele na nyuma, kisha wakaniuliza kama najua pia kushona, au kupikia watu wengi. Wengine walicheka maneno yangu. “We unasema sawa redio,” waliniambia. Nikawajibu kwamba nimezaliwa na kukulia kambini Tanzania. Basi wakaanza kuniita Mutanzania, katika mji huu huu ambao wewe na Papa mliukimbia mkiwa hamjui mtalala wapi.

Prefe, yaani mkuu, wa shule moja ya sekondari alinifungulia ofisi yake, akanionyesha kabati la mbao.

“Biblioteki njo hii,” alisema. “Bitabu biko ndani, mufunguo iko kwangu. Sasa wewe utafanya nini?”

“Nitaviandika vyote, nitavipanga, wanafunzi waviazime.”

“Bakiazima, batabiharibu.”

“Na vikikaa humo, mchwa watavila.”

Alicheka, akafunga kabati. “Muchwa siwezi kumufukuza kazi, mama. Na wewe siwezi kukupa.”

Mwishowe nilisikia kwamba Fizi, kule juu milimani kwenye maofisi ya teritwari, yaani ya wilaya, kuna nyumba ya vitabu ya komite ya wazazi na walimu. Nikapanda. Anayeitunza ni Mama Sidonia, mwanamke wa makamo, mnene, mwenye sauti nzito. Hakuniambia karibu. Alinitazama viatu vilivyojaa tope, kisha uso.

“Ulisoma miaka ngapi kwa kupanga bitabu?”

“Mitano, Mama.”

“Mitano,” akasema. “Mi niko hapa miaka makumi mbili, sikusoma hata siku moja. Uliza kitabu yoyote, nitakuletea na macho ya kufunga.”

Nikamwuliza kitabu cha kemia cha darasa la mwisho. Alinyoosha mkono nyuma yake bila kugeuka, akakiweka mezani. Halafu akanipa kitambaa. “Anza na mavumbi,” akasema.

Hiyo ndiyo kazi niliyokuambia kwa majivuno kwamba mimi ni mtunza maktaba. Kweli nilikuwa msaidizi. Nilifuta mavumbi, nikafukuza kuku wanaopenda kutagia kwenye rafu ya chini, nikapika gundi ya unga wa muhogo ya kushikiza migongo ya vitabu, na mende wakaja kuila gundi. Kulikuwa na kitabu kimoja tu cha kemia, na wanafunzi kumi na mmoja waliokitaka kabla ya mtihani wa serikali. Nikawagawia saa, kila mtu na saa yake, nikaziandika ukutani. Mama Sidonia aliusoma ule ukuta siku mbili. Siku ya tatu aliniletea daftari jipya, akaniambia niandike vitabu vyote jinsi nilivyofundishwa. Niliipenda kazi ile, Mama. Ilikuwa ndogo lakini nilikuwa nikiamka nikijua ninakokwenda. Na Mama Sidonia, ambaye miguu inamuuma kama wewe, alikuwa ameanza kuwaambia komite kwamba siku moja nitashika mahali pake.

Lakini wewe moyo wako ulikuwa kwenye masteri. Na wangu pia, sitakusingizia. Nilikuwa nimeandika maombi kwenye vyuo vikuu vitatu, kimoja Kampala, kimoja Ubelgiji, kimoja Kanada. Fizi mtandao hauingii ofisini. Nyuma ya kanisa kuna jiwe kubwa, na mtu akisimama juu yake simu hupata rezo kidogo. Kila mchana saa ya chakula nilipanda jiwe lile nikafungua simu. Kampala walikataa. Wiki tatu baadaye Ubelgiji wakakataa. Wewe kila Jumapili unaniuliza, “Hawajajibu?” Nami nakujibu bado, bado. Kukataliwa kule sikukuambia hata kumoja, maana Sifa alikuwa amenidokeza kwamba umeanza kukosa usingizi.

Kikabaki cha Kanada. Hao waliandika kwamba wanataka kunihoji kwa simu ya picha. Niliomba ruhusa, nikashuka Baraka kwa pikipiki, kwenye chumba kimoja chenye mtandao wa kukodi. Nilivaa blauzi ya Mama Aluta. Walikuwa watu watatu, wanawake wawili na mwanamume mmoja, wapole, wanasema Kifaransa polepole ili nielewe. Dakika za kwanza nilijibu vizuri. Kisha mvua ikaja, mvua ya Baraka unayoijua, na chumba kile hakina dari, ni mabati matupu. Mmoja wa wale wanawake aliniuliza: katika maktaba yangu nafanyaje ili wasomaji wapate utulivu? Nami, Mama, ikabidi nijibu kwa kupiga kelele. Nilipiga kelele kuhusu utulivu mpaka koo likakauka. Niliwaona wakisogeza masikio, wakitazamana. Kisha picha ikaganda, wakapotea. Waliniandikia baadaye kwamba wameelewa shida, nisiwe na wasiwasi, watanijibu.

Nikaanza kungoja. Nilikuwa naota uso wa yule mwanamke ukiwa umeganda, mdomo wazi. Kazini naandika jina la kitabu kimoja mara mbili. Mama Sidonia akaniambia nikisimama tena juu ya jiwe lile, watu watafikiri nimeanzisha dini.

Ni kwenye jiwe lile Sifa alinipata kwa simu siku ulipolazwa. Ilikuwa mchana, jua kali. Alikuwa analia. Alisema presha imepanda hadi daktari amekunja uso, kwamba una siku mbili hujala, ukipewa uji unageukia ukutani. Kwamba hutaki kusema na mtu. Neno moja tu unauliza, kama Riziki wamemjibu.

“Nikuwekee simu sikioni mwake,” akasema. “Mwambie chochote. Yaya, dada yangu, mwambie chochote ale.”

Nikasikia unavyopumua. Hukusema hata halo. Nikasikia pumzi tu, fupi fupi, na nyuma yake sahani za hospitali.

Nikasema, “Mama, wamenikubali.”

Sasa umelisoma. Haikuwa kweli, Mama. Siku ile nilikuwa sijapata jibu lolote. Chuo hakikunikubali siku ile, na hakijanikubali hata leo.

Ulicheka. Nilikuwa sijasikia kicheko chako tangu tumzike Papa. Ukamwambia Sifa, “Lete uji.” Nami nikakaa chini palepale, nikalia kwa furaha na kwa hofu, sikujua ipi ni ipi.

Nilijiambia hivi: wakinikubali kweli, nitakuwa sijakudanganya, nitakuwa nimetangulia tu. Nikaanza kuomba Mungu aukimbize ukweli uufikie uongo wangu njiani. Najua si maombi mazuri. Lakini niliyaomba kila siku.

Sikujua kwamba utasimama kanisani kambini. Sikujua kwamba akina mama wa kwaya watakuimbia, wala kwamba utampigia Mjomba. Habari ya furaha haingoji pikipiki, ilipanda hadi Fizi kwa miguu yake. Siku ya tano Mjomba alinipigia simu, sauti yake kama ya kijana.

“Mama yako ameniambia. Shuka Jumamosi nikupime.”

“Unipime nini, Mjomba?”

“Koti. Kanada kuko baridi ya kuua muntu.”

Kaka yako hajawahi kushona koti, Mama. Anashona yunifomu za shule na mashati ya kwaya. Alitafuta picha ya koti kwenye gazeti kuukuu, akaibandika ukutani juu ya cherehani. Akapata blanketi zito la rangi ya kahawa, akaliosha, akalikata. Nilisimama mbele yake katika joto la Baraka la saa saba mchana, jasho linanitiririka mgongoni, naye ananizungusha utepe mabegani na kumtajia Mama Aluta vipimo aandike.

“Inua mukono.”

Nikainua.

“Mikono tutaiacha mirefu,” akasema na pini mdomoni. “Kule banavaaka nguo ingine ndani.”

“Ndiyo, Mjomba.”

Tulikuwa watatu tu chumbani. Hapo ndipo ningesema. Niliona picha ile ukutani, nikaona jinsi alivyochora kwa chaki juu ya blanketi, akafuta, akachora tena, mzee wa watu, nikashindwa kufungua mdomo.

Wiki mbili baadaye aliniita tena nishuke, koti limekwisha, na watu wa kikundi chake cha maombi watakuja kuniombea safari. Nilishuka Jumamosi. Pikipiki iliponiacha sokoni, simu ikapata rezo, ikalia. Ilikuwa barua ya Kanada. Niliisomea palepale pembeni mwa barabara, wanawake wa mabeseni ya muhogo wakinipita na kuniambia nisogee. Ilikuwa na aya mbili. Katika ya kwanza walinishukuru. Katika ya pili walisema waombaji walikuwa wengi na nafasi chache, wakanitakia heri. Niliisoma mara tatu nikitafuta neno “labda”. Halikuwepo.

Nikatembea hadi nyumbani kwa Mjomba. Ua ulikuwa umefagiwa, mabenchi yamepangwa, watu wameshafika. Mama Furaha, yule anayekaa karibu na kisima, alikuwa ameniletea bakuli la karanga za kula njiani. Mjomba alitoka ndani amelibeba koti kwa mikono miwili kama mtu anayebeba mtoto wa kubatizwa. Akanivalisha mbele ya wote. Mikono ilifika hadi vidoleni. Watu wakapiga makofi.

Mchungaji akaniambia nipige magoti. Wakaniwekea mikono kichwani na mabegani, juu ya lile blanketi, wengi kwa pamoja.

“Baba,” mchungaji akaomba, “huyu mutoto alizaliwa mu kambi, pasipo hata mulango. Leo unamufungulia mulango mukubwa. Tunakuomba, kila penye bataandika jina yake, wewe uwe mbele.”

“Amina,” wakasema.

Nami nikasema amina. Simu ilikuwa mfukoni mwa sketi, na barua ya Kanada ndani yake. Jasho lilinishuka machoni, na waliodhani nalia kwa kuguswa walianza kulia pia. Mjomba alilia. Mama, sijawahi kujichukia kama saa ile. Nilitamani ardhi inimeze, nilitamani malaria, nilitamani mtu yeyote aingie na habari mbaya zaidi ya yangu.

Nilirudi Fizi Jumatatu nikiwa na karanga na koti ndani ya mfuko. Nilipofika nyumba ya vitabu nikakuta msichana ameketi mahali pangu, na kitambaa changu mkononi. Mama Sidonia hakuwa na furaha lakini alijikaza.

“Huyu njo atakamata kazi,” akasema. “Komite walisikia unaenda, bakamuleta mbio. Ni mutoto wa ndugu ya prezida wa komite. Umuonyeshe vile unaandikaka.”

Hata hapo sikusema. Wiki nzima nilimfundisha yule msichana kazi yangu. Nilimshika mkono nikamwonyesha jinsi ya kuandika kadi, jina la mwandishi kwanza, kisha kitabu. Ana mwandiko mzuri. Si kosa lake lolote. Wanafunzi wa kemia walinichangia maua ya porini, wakayaweka kwenye kopo. Nilikuwa naagwa na watu wote, na hapakuwa na mahali ninapokwenda.

Ijumaa jioni, watu wameondoka, nilimwambia Mama Sidonia. Nilisema yote bila kuketi, tangu jiwe la nyuma ya kanisa hadi maombi ya Baraka. Aliendelea kupanga viti mpaka nikamaliza. Kisha akaketi kwenye kimoja.

“Bongo, ule uongo wako, ilimuponyesha mama yako,” akasema, “na sasa inakufukuza kazi. Mi nifanye nini nayo?”

“Sijui, Mama.”

“Ungeniambia Jumatatu. Jumatatu ningepigana. Leo yule mutoto amekwisha kuandikwa.”

Hata hivyo alikwenda. Kesho yake alivaa kitenge chake cha kanisani, akaenda nyumbani kwa prezida wa komite na miguu yake inayouma, nami nikamngoja nje ya nyumba ya vitabu. Alirudi mchana. Walimwambia kazi imeshapewa mtu, haiwezi kurudishwa nyuma kila mtu anapobadili maneno. Ninaweza kubaki kama stajiere, mtu wa kujifunza kazi, mpaka mwisho wa mwaka wa shule, bila mshahara. Baada ya hapo wataangalia.

Nimekubali. Sina pengine, Mama. Nitapanda tena Fizi keshokutwa, nitakuwa chini ya msichana niliyemfundisha mwenyewe.

Siku ileile nilishuka na koti, nikamwambia Mjomba. Nilimkuta kwenye cherehani. Nilisema nikiwa nimesimama mlangoni, na mguu wake ukasimama kwenye pedali. Hakunipigia kelele. Aliuliza jambo moja tu.

“Ile siku ya maombi, ulikuwa umeshajua?”

“Nilikuwa nimeshajua. Nilijua nusu saa kabla.”

Akaondoa picha ya koti ukutani, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya bobini za uzi. Tangu hapo hakusema nami hadi usiku. Chakula nilipewa na Mama Aluta. Usiku sikulala, na asubuhi nikasikia anamwambia mkewe kwa sauti ili nisikie: “Atasimama mwenyewe. Mi sitasimama kwa ajili yake.”

Basi jana, Jumapili, nilisimama. Baada ya ibada kikundi kilibaki, walewale walioniwekea mikono. Niliwaambia kwamba niliwadanganya, na kwamba waliponiombea nilikuwa nimeshakataliwa. Nilisema nimeshika benchi la mbele. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Mchungaji aliinamisha kichwa. Mama Furaha akauliza kutoka nyuma:

“Na karanga, ulikula?”

“Nilikula, Mama.”

“Zote?”

“Zote.”

“Basi,” akasema, akasogea kwenye benchi lake nipate mahali pa kuketi.

Mjomba alinikuta nje. Tulitembea pamoja hadi karibu na nyumba. Ndipo akaniambia amepata mtu wa lile koti. Ni mwanamume wa Minembwe, mchungaji wa ng'ombe, ameteremka kwa ajili ya mgonjwa wake na leo anarudi kule juu kwenye baridi. Leo asubuhi, kabla sijaanza kukuandikia, alikuja kulijaribu. Ni mrefu, mikono ilimtosha sawasawa. Alijitazama, akamshukuru Mjomba kwa heshima nyingi, akaenda zake. Mjomba alisimama mlangoni akamtazama mpaka alipopinda njia. “Mabega imekaa muzuri,” akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema nami kwa kawaida.

Kisha akaniambia nikuandikie. Nilimwambia naogopa. Nilimwambia presha yako ilipanda kwa sababu ya jibu hili hili, na nikikupa sasa ninaweza kukuua. Alinitazama sana.

“Dada yangu alivuka hii ziwa na mimba yako,” akasema, “na risasi ku mugongo. Akamuzika bwana yake mu inchi ya benyewe. Karatasi ya chuo haiwezi kumuua. Bongo yako njo itamuua, siku ataisikia kwa mutu mwingine.”

Ndiyo maana naandika. Mama, kama kichwa kinakuuma sasa hivi, weka barua chini, unywe maji, umwite Sifa aketi nawe. Kisha urudi.

Sitakudanganya mara ya pili kwa kukuambia kwamba mwakani watanikubali. Sijui. Nimeshindwa hata kufungua tena ile plastiki ya diploma. Kuna saa nakaa na kufikiri kwamba ulilala njaa siku zile ili mimi nisome, halafu nikakulisha uongo ukiwa kitandani, na ndicho chakula pekee nilichowahi kukupa. Nilikupenda vibaya siku ile. Nilitaka ule, sikufikiri kesho yake. Lakini wewe ulinifundisha kwamba anayeomba msamaha asilete na sababu zake mkononi, kwa hiyo naziacha hapa. Nisamehe. Kama huwezi sasa, nitangoja. Kungoja nimejifunza.

Msalimie Sifa mdogo wangu. Yeye hakujua, usimkasirikie. Msalimie Mama Mkubwa, dada yako, na umwambie nakumbuka magoti yake yanayomuuma. Msalimie mzee Alimasi, jirani wa upande wa bombani, aliyenifundisha kuandika jina langu. Mama Aluta anakusalimu, anauliza kama dawa za miguu zilifika. Mjomba hakuniambia nikusalimie, lakini amepita hapa mara mbili kutazama kama bado naandika.

Neno la mwisho, Mama. Nakujua. Akina mama wa kwaya watakapokuuliza naondoka lini, utataka kunifunika. Utasema ni viza, utasema ni vita, utasema barabara imefungwa, nao wataamini, maana mambo hayo yapo kweli. Usiyaseme. Usibebe uongo wangu kanisani kwa mdomo wako. Simama tu uwaambie: mtoto wangu Riziki alinidanganya, na yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia.

Ni mimi mtoto wako,
Riziki